Sauti Ukingoni mwa Kanda

Kitendawili!

Nina watu sandukuni, hawali, hawanywi, hawazeeki. Nikiwaamsha wanaendelea kucheka palepale walipoachia.

Ukishindwa nipe mji, nami nitakuambia kuwa ni kanda ya video. Hiki nilikitunga mwenyewe, nimekaa kwenye stuli dukani kwa mjukuu wangu, kitambaa mkononi, napangusa vumbi la miaka ya watu wengine. Mwenye kazi ni yeye. Anazipokea zile kanda za zamani ambazo watu walirekodia harusi, mahafali na watoto wanaojifunza kutembea, anazisafisha, anaziunga zilipokatika, kisha anazihamishia kwenye kompyuta, ili mtu aondoke na ukoo wake mzima ndani ya flashi isiyozidi kidole gumba.

Watu wanamwita Fundi. Mimi namwita mke mwenzangu, maana tangu akiwa mdogo tunataniana kwamba marehemu babu yake alikuwa mume wetu sote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nachapwa kwa kuunguza wali wakati yeye analetewa peremende. Uongo mtupu, lakini unatupendeza.

Duka lenyewe ni chumba kimoja. Ukinyoosha mikono, wa kushoto unagusa rafu ya deki na wa kulia unagusa rafu ya kaseti zinazongoja zamu. Deki ziko sita. Nne zinafanya kazi, mbili ni za kunyofoa vipuri, kwa sababu vipuri vipya haviuzwi tena popote. Kutoka kwenye deki unatoka waya, unapita kwenye kijisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, unaingia kwenye kompyuta. Kanda ya saa tatu inachukua saa tatu kuhamishwa. Hakuna njia ya mkato, na mwenye haraka huambiwa aende akarudi.

Kazi yangu mimi ni ya mikono. Nilishona nguo miaka thelathini na minane, mpaka magoti yakagoma kukanyaga cherehani. Vidole havikugoma. Basi mke mwenzangu alipofungua duka akanipa stuli, glavu nyeupe za pamba na bisibisi ndogo kama njiti ya kiberiti, akanifundisha kufungua kaseti, kuondoa ukungu, na kuhamisha kanda kutoka kasha lililovunjika kwenda kasha zima. Kila kasha lina skrubu tano. Siku ya kwanza nilipoteza mbili. Mwezi wa pili alikuwa ananiachia kanda za wateja bila hata kugeuza shingo kunitazama.

Nasema haya ili ujue kwamba sikuwa mgeni wa kazi siku nilipoiharibu ile ya mpiga mnada.

Walikuja Jumatatu asubuhi, mama na binti. Binti ni muuguzi, mwenyewe alikuja amevaa sare. Mama alikuwa mrefu, amejifunga skafu shingoni, na kiunoni amening'iniza daftari dogo lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa na tabasamu. Nikadhani anaringa.

"Mama haongei," akasema muuguzi. "Walimtoa kikoromeo, yapata miaka minane sasa. Ugonjwa uliisha, namshukuru Mungu, lakini sauti ilikwenda nao."

"Pole sana, mwenzangu," nikamwambia.

Mama akaandika haraka, akanionyesha: *Nimeshapoa. Sasa nasengenya kwa maandishi.*

Nilicheka mpaka miwani ikateleza.

Muuguzi akaweka kaseti kwenye meza. Kasha lilikuwa limepasuka pembeni, na kupitia kidirisha chake uliona ukungu mweupe kama unga. Akatueleza kwamba mama yake alikuwa mpiga mnada. Vitanda, mabati, magari mabovu, chochote chenye mwenyewe alikiuza yeye, tena bila kipaza sauti, na sauti yake ilisikika kutoka uwanjani mpaka kituo cha basi. Watu wasio na haja ya kununua walikuwa wanakwenda mnadani kumsikiliza tu.

"Na hakuna aliyemrekodi?" akauliza mke mwenzangu.

"Nani angerekodi kitu anachokisikia kila siku? Kuna hii tu. Ni mahafali yangu, siku niliyomaliza uuguzi, miaka ishirini iliyopita. Mama alisimama akasema maneno. Tuliiweka chini ya kitanda, bomba likapasuka, ikalowa." Akaishusha sauti, ingawa mama alikuwa papo hapo. "Nina mabinti wawili, mmoja ana miaka saba, mwingine mitano. Wamezaliwa baada ya upasuaji. Wanadhani bibi yao alizaliwa hivi."

Mama akaandika: *Mdogo aliniuliza zamani nilikuwa naongea kama watu au kama kuku.*

Hapo hatukucheka sana.

Tukakubaliana Jumamosi. Mabinti watakuwa hawana shule, watakuja wote kuchukua.

Mke mwenzangu akaianza kazi palepale. Ukungu aliuondoa taratibu, akikausha na kupangusa, mizunguko miwili, hadi kanda ikang'aa nyeusi. Yapata saa tisa alasiri akanipa ile kanda na kasha jipya. "Bibi, nihamishie hii, mimi nasafisha vichwa vya deki."

Sasa, asubuhi hiyohiyo kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimejaza bobini kumi na mbili. Jirani yangu anashona bado, macho yake hayaoni vizuri, namjazia bobini zake. Ukijaza bobini na kuivalisha, uzi lazima upite ndani, chini ya kile kiulimi cha chuma, uvute hadi usikie umekaza. Mkono uliofanya hivyo mara elfu na elfu haukuulizi ruhusa. Nilipoyakalisha magurudumu mawili ya kanda kwenye kasha, nikashika ule utepe, nikaupitisha ndani ya kijiti cha chuma kinachouongoza kwenye kona badala ya nje yake, nikauvuta kidogo, ukakaza vizuri kabisa, nikaridhika. Nikafunga skrubu tano. Hata moja sikuipoteza.

Mke mwenzangu akaiingiza kwenye deki. Picha ikaja, tena picha nzuri: ukumbi wenye watu kama themanini kwenye viti vya plastiki, vijana wamevaa nguo nyeupe, halafu mwanamke mrefu anainuka, anakunja mikono ya gauni kama anayetaka kupigana, anafungua mdomo.

Kimya.

"Mbona haongei?" nikauliza.

"Sauti iko chini." Akaongeza. Akaongeza tena. Kwenye kioo mwanamke anarusha mikono, watu wanacheka midomo wazi, na kwenye spika hakuna kitu ila mkwaruzo kama panya anayetafuna karatasi. Mke mwenzangu akaruka, akaizima deki. Zilikuwa zimepita dakika mbili.

Akafungua kasha. Akauvuta utepe kwenye mwanga wa dirisha. Ukingo wake wa juu ulikuwa umekunjwa, mfululizo, sawasawa kabisa, kama pindo la gauni.

"Bibi," akasema polepole, "kanda imepita ndani ya kijiti."

"Kama uzi wa bobini," nikasema. Nilijua kabla hajamaliza. Nikavua glavu.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilikuwa balaa, elewa hivi. Kwenye kanda hizi, picha inakaa katikati, ina shamba kubwa. Sauti imepewa ufito mwembamba wa ukingoni juu, hauzidi unene wa punje ya mchele. Mimi nilikuwa nimekunja ukingo huo huo. Picha ilibaki nzima na mwanamke yule ndani yake akawa kama alivyo leo, mdomo unatembea, sauti hakuna. Nilimnyang'anya sauti mara ya pili.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yetu anayeuza simu, tunamwita Chaji. Huyo kazi yake nusu ni simu na nusu ni kujua habari za watu.

"Acheni kulia msiba wa kujitakia," akasema. "Kanda imekuja ina ukungu, kasha limepasuka. Waambieni ilikuja hivyo. Nani atabisha?"

"Mimi nitabisha," akasema mke mwenzangu.

"Wewe si ndiye mwenye duka?"

"Ndiyo. Kwa hiyo nitabisha kwa sauti kubwa. Toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Papo hapo akawa ameshachukua simu, ameiweka mezani, spika wazi. Nikasikia muuguzi anaitikia.

"Dada, habari za jioni. Nakupigia kuhusu kanda yako. Imeharibikia mikononi mwetu."

"Mikononi mwa nani?"

Nikainua mkono, nikajipiga kifuani, nikamwonyesha: mimi, sema mimi. Akaniwekea kidole mdomoni kama anayenyamazisha mtoto.

"Mwa duka langu," akasema. "Picha ni nzima. Sauti ndiyo imeumia, dakika mbili za mwanzo wa hotuba. Sijajua kama itarudi. Nimeona ni haki yenu mjue leo, sio Jumamosi."

Kule upande wa pili nikasikia penseli ikikwaruza karatasi, na muuguzi akasoma kwa sauti iliyokauka: "Mama amesikia. Anauliza, imekatika au imekunjika?"

"Imekunjika."

Penseli tena. "Anasema, basi ikunjueni. Na Jumamosi isichezwe bila yeye kuwepo."

Simu ikakatwa. Nikamtazama yule mtoto niliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule, na ingawa moyo ulikuwa umenivimba kwa aibu, kulikuwa na kitu kingine kimevimba pembeni yake, na hicho hakikuwa aibu hata kidogo.

"Usijaribu kulia," akaniambia. "Ukilia miwani itakuwa na ukungu, na kuna kazi ya kuona. Umekunja mapindo mangapi maishani, Bibi?"

"Nani ahesabu?"

"Sasa utakunjua moja. Dakika moja ya kanda ni mita mbili. Dakika mbili ni mita nne."

"Basi niletee pasi."

"Pasi!" Akaruka kana kwamba nimetaja nyoka. "Bibi, hii ni plastiki! Itajikunja kama jani lililoungua! Pasi isiingie humu ndani, hata ya makaa, hata iliyopoa!"

Kutoka nje tukasikia Chaji anacheka peke yake.

Shida ilikuwa moja zaidi. Ukingo uliokunjika huanza kubanduka ule unga wake mweusi, ambao ndio hasa ulioshika sauti. Kila ukiipitisha kanda kwenye deki, inapoteza kidogo. Mke mwenzangu alisema hii itavumilia mara moja tu. Mara moja ipite, kompyuta inase. Ikishindikana, imekwisha.

Kwa hiyo alitafuta kanda ya kufanyia majaribio. Alivuta droo akatoa kaseti yenye maandishi ya marehemu babu yake, wino umefifia. Ilikuwa ya kwake yeye mwenyewe, siku anaanza kutembea.

"Hiyo hapana," nikasema.

"Tumeshaihamisha, Bibi. Iko kwenye kompyuta, iko kwenye flashi, iko kwa mama, iko kwa shangazi."

"Hata hivyo. Ni mwandiko wa babu yako."

"Mwandiko uko kwenye kasha. Nakunja kanda, sikunji babu."

Akaikunja ukingo makusudi, mimi nikageuza uso. Tukajifunzia hapo. Nilijaribu kucha, ikachana. Nilijaribu ncha ya kijiko, ikaacha alama. Mwisho nikachukua kijiti cha mbao, nikakisugua kwa msasa hadi kikawa laini kama jino la mtoto, nikakivisha kitambaa cha hariri kilichobaki kwenye vipande vyangu. Unalaza kanda juu ya kioo. Unaingiza kijiti chini ya pindo, unalinyanyua kidogo, usilazimishe, unalifungua kama unavyofungua kope za mtoto aliyeingiwa na mchanga. Kisha unalilaza, unalipitia mara tatu kwa mgongo wa kijiti, unalifunika kwa kioo cha pili na kitabu juu yake. Halafu unasogea upana wa kidole kimoja. Halafu unaanza tena.

Yeye alikuwa na mtihani wake. Ndani ya deki kuna kichwa kidogo kinachosoma sauti, na kichwa hicho kina skrubu ya kukiinua na kukiinamisha. Ukingo uliowahi kukunjika haukai tena palepale, unayumba kidogo, kwa hiyo kichwa kiufuate. Akawa anacheza ile kanda ya majaribio, deki imefunuliwa kifuniko, sikio kwenye spika, bisibisi mkononi, robo ya robo ya mzunguko kwenda, robo ya robo kurudi. Siku ya pili, katikati ya mikwaruzo, nikasikia mwanamke anapiga kelele: "Mwacheni! Mwacheni aanguke, atainuka mwenyewe!"

"Nani huyo mwenye roho ngumu?" nikauliza.

"Wewe, Bibi."

Sikujitambua. Sauti ya ujana wako ni kama jirani aliyehama, unamjua lakini jina halikuji.

Basi tukaendelea hivyo, mita moja kwa siku. Mgongo uliniuma, shingo iliniuma, hata meno yaliniuma kwa kuyakaza. Nikichoka namtegea.

"Kitendawili!"

"Tega, mzee."

"Natembea siku nne, mita nne, na sijatoka kitini."

"Konokono mwenye miwani."

"Mshenzi wewe. Nipe mji."

"Chukua mji wowote ambao umeme haukatiki."

"Huo haupo, sijaupata. Jibu ni bibi yako."

Chaji alikuwa anachungulia kila saa. "Bado mnapiga pasi? Hiyo nguo ya nani jamani, ya mfalme?" Lakini siku ya tatu alileta taa yake ya mezani yenye shingo ya kupinda, ile anayotumia kufungulia simu, akaiweka, akaondoka. Ilinisaidia kweli.

Ijumaa jioni nilifika mwisho wa pindo. Mahali pamoja tu palinishinda, kipande kirefu kama kiganja changu, ukingo ulikuwa umechanika ukatoka kabisa. Hapo hapakuwa na cha kukunjua. Mke mwenzangu alipima kwa rula, akapiga hesabu kichwani.

"Sekunde nne," akasema.

"Sekunde nne ni nini?"

"Ni neno, Bibi. Au sentensi."

Jumamosi wakaja wanne. Mama mpiga mnada amevaa gauni la kijani na skafu mpya, muuguzi, na mabinti wawili wenye soksi zisizolingana. Chumba kikajaa. Mkubwa alipewa stuli yangu, mdogo akakaa kwenye miguu ya bibi yake. Chaji akasimama mlangoni, safari hii pembeni, asizibe mwanga.

Mke mwenzangu hakuzunguka. "Shikamooni. Kanda itapita mara moja tu. Kompyuta inarekodi. Mkisikia vibaya mwanzoni, msiseme kitu, niacheni nisikilize."

Akazifunga nywele zake nyuma, akaiinamia deki iliyofunuliwa, akabonyeza.

Ukumbi ukaja. Viti vya plastiki. Mwanamke mrefu anainuka, anakunja mikono ya gauni. Mdomo ukafunguka, na kwenye spika ikatoka sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Nilimwona muuguzi anaufunika uso. Mke mwenzangu akageuza skrubu. Maji yakapungua. Akageuza tena, kidogo kuliko unywele, na mkono wake haukutetemeka hata chembe, mimi mshonaji nakuambia, ningemkabidhi kitambaa cha bei yoyote mkono ule.

"...yeni! Haya, haya, haya! Sogeeni!"

Mdogo alishtuka akashika skafu ya bibi yake.

Ndugu yangu, hiyo ilikuwa sauti. Ilijaa chumba, ikatoka mlangoni, mpita njia mmoja akasimama. Ilikuwa nene chini na kali juu, na ilikwenda kama mtu anayekimbia kwenye ngazi anazozijua.

"Mali ya leo haijapata kuletwa mnadani! Binti mmoja! Miaka ishirini na mitatu, meno yote yapo, cheti mkononi, anachoma sindano wewe bado unauliza atachoma lini! Nani anaanza?"

"Baiskeli!" akapiga kelele mtu ukumbini.

"Baiskeli kampandishe mama yako! Nani mwingine?"

"Nyumba!"

"Nyumba ya vyumba vingapi, baba? Vitatu? Choo ndani au nje? Nje! Jamani, mtu anataka muuguzi na choo kiko nje!"

Ukumbi ulikuwa hoi. Na sisi tulikuwa hoi. Muuguzi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama alivyokuwa anafanya kwenye kioo akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya... Simamisha mnada! Hauzwi! Huyu hauzwi! Mnajua kwa nini hauzwi? Kwa sababu—"

Hapo ukaja mvumo mtupu. Sekunde nne. Nilizihesabu na kila moja ilinikanyaga. Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko na makofi, watu wakainuka vitini, na sauti ikarudi safi, ikishukuru walimu, ikaendelea hadi mwisho bila kasoro.

Mke mwenzangu akaizima deki. Akaikagua kompyuta. "Imenasa," akasema, ndipo akakaa sakafuni.

Mdogo alikuwa amemgeukia bibi yake, anamchunguza mdomo kama anayetafuta kitu kilichofichwa. "Bibi, yule ni wewe?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa unapiga kelele hivyo na hawakukugombeza?"

Mama akatikisa mabega. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso ulikuwa umesimama juu, kama wa mtu anayetangaza mali bora.

"Sekunde nne hazikurudi," akasema mke mwenzangu kutoka kule sakafuni. "Ukingo ulichanika. Sitaki mdhani ni bahati mbaya ya kanda."

"Mama," akasema muuguzi, "ulisema nini pale? Kwa sababu nini?"

Wote tukamwinamia. Mama akachukua penseli. Akaandika herufi moja, akaacha. Akajikuna kichwa kwa penseli. Akatazama dari. Kisha akaandika na kutuonyesha: *Nimesahau.*

"Hata mimi!" akapiga kelele muuguzi. "Nilikuwa nalia, sikusikia!" Na mama akacheka kicheko chake cha sasa, kile cha mabega tu, mpaka mdogo akawa anarukaruka mapajani kwake.

Sikuweza kungoja zaidi. Nikasimama. "Mwenzangu, aliyeikunja kanda ni mimi. Si duka. Ni hii mikono yangu."

Akanitazama. Akaandika bila haraka: *Nilijua. Mjukuu wako aliposema "duka langu" sauti ilipinda. Miaka thelathini nimesikiliza watu wakificha bei.* Akafungua ukurasa mwingine. *Lakini hakunidanganya kilichoharibika. Umelea.*

Neno moja lile. Umelea. Nimewahi kusifiwa gauni la bibi harusi, nimewahi kusifiwa suti ya jaji. Hayo yote niliyapokea nimekaa.

Mke mwenzangu alikuwa ameshainuka. "Mteja akipenda," akasema, "naweza kuunganisha kwenye kompyuta. 'Kwa sababu' niitoe na mvumo niutoe, itoke 'hauzwi' kicheko kifuate. Hakuna atakayejua."

Mama akafikiri. Kabla hajaandika, yule mkubwa, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, akasema, "Rudisheni pale."

Sasa ilikuwa kompyuta, si kanda, ungeweza kurudisha hata mara mia. Mke mwenzangu akarudisha.

"Mnajua kwa nini hauzwi?" ikanguruma ile sauti. "Kwa sababu—"

"Hajui kupika!" akapiga kelele yule mtoto ndani ya mvumo.

Na ukumbi mzima ukalipuka, watu wakainuka vitini, wakampigia makofi.

Ungeuona uso wake. Alikuwa amechekesha watu themanini asiowajua, kabla hajazaliwa. Mdogo akadai zamu yake. Tukarudisha. "Kwa sababu ni mama yangu!" Ukumbi ukalipuka. Muuguzi akasema lake, sitaliandika, ni la wauguzi. Chaji kutoka mlangoni akasema, "Kwa sababu nimeshamnunua mimi!" na ukumbi ukamcheka, na sisi tukamzomea, na mama akampiga na daftari.

Kisha mama akashika penseli, akaandika kwa herufi kubwa: *PENGO LIACHWE.* Akaniegemea, akaninyooshea mimi ile penseli. Zamu yangu.

Nikamshika mke mwenzangu bega. Akarudisha. Nikangoja ile sauti ishuke ngazi zake zote, hauzwi, huyu hauzwi, mnajua kwa nini, kwa sababu—

"Bado ana kanda za watu mezani!" nikasema.

Watu themanini wakainuka vitini.